Moyo Upande wa Kulia: Hitilafu za Kurithi za Silia na Flajela

Neno silia aghalabu humkumbusha msomaji somo la biolojia na viumbe vidogo vya majini. Ni nadra akumbuke pua yake mwenyewe. Silia ni vijinywele visivyoonekana kwa macho vinavyoota juu ya seli. Flajela ni ndefu zaidi, mfano wake ukiwa mkia wa mbegu ya kiume. Ndani ya mkia huo, na ndani ya silia za njia ya hewa, mna jozi tisa za mirija zinazozunguka mirija miwili ya katikati. Protini iitwayo dainini, iliyochomoza mithili ya mikono, huzitelezesha jozi hizo hadi silia ikapinda na kupiga kama kasia.

Mwaka wa 1933, daktari Manes Kartagener wa Zurich alieleza wagonjwa wenye mambo matatu: mafua yasiyokoma, njia za hewa zilizopanuka na kuharibika mapafuni, na viungo vya ndani vilivyogeuka, moyo ukiwa kulia. Lakini makamasi na mahali pa moyo vina uhusiano gani? Fumbo hilo lilidumu hadi 1976, Björn Afzelius wa Stockholm alipoeleza kwamba wanaume wagumba aliowachunguza kwa hadubini ya elektroni walikosa mikono ya dainini katika mbegu zao. Silia za mapafuni nazo zilikuwa na ila iyo hiyo. Kuhusu moyo, majaribio ya panya nchini Japani mwaka wa 1998 yalionyesha kuwa silia za kiinitete huzunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Mkondo huo usipokuwapo, upande huamuliwa na bahati. Ndiyo sababu takriban nusu tu ya wagonjwa hugeuka viungo.

Ugonjwa huu uliitwa kwanza wa silia zisizosonga. Jina hilo halikufaa, kwani silia nyingine husonga, ila bila mpango.

Kwa kawaida mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wawili wazima, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja ya jeni yenye kasoro. Kila mimba ina uwezekano wa robo. Kikohozi cha makohozi kinachoanza utotoni huweza kudhaniwa kuwa pumu, na kila mwaka unaopotea huyagharimu mapafu. Tiba ya kuiponya hitilafu yenyewe haijapatikana. Mazoezi ya kutoa makohozi na viuavijasumu hupunguza uharibifu, navyo hufaa zaidi vikianzishwa mapema.