Picha ya Moyoni na Kuacha Sigara

Leo tunamkumbuka ndugu wa hapa Galbet aliyeitupa sigara mara tatu, na mara tatu akairudia. Watu humwambia hana nia. Sisi hatusemi hivyo. Nikotini iliyomo katika tumbaku hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hivi baada ya moshi kuvutwa, na ubongo ukiizoea huidai. Tena huidai kwa saa yake na mahali pake: baada ya chai, au jioni barazani, miraa kutoka Meru ikisha kufunguliwa.

Wako matabibu wanaotumia njia iitwayo hipnosisi. Jina hilo lilienezwa na James Braid, daktari wa upasuaji wa Scotland, katika miaka ya 1840. Wakristo wengine huuliza, je, huu si uganga? La. Hapana pepo wala hirizi. Mtu hutulizwa kwa maneno ya polepole mpaka fikira zake zikusanyike mahali pamoja, kisha huongozwa ajione ameacha. Hapotezi akili zake, wala hashurutishwi kutenda asilolitaka.

Lakini tuseme kweli. Mwaka 2019 wataalamu waliokusanya majaribio ya njia hii hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inaishinda misaada mingine. Basi anayekuahidi kukuponya kwa kikao kimoja, kwa fedha nyingi, jihadhari naye.

Hata hivyo, kujenga picha moyoni ni msaada usio na gharama. Asubuhi, kabla ya kutoka, keti kimya, vuta pumzi polepole, ujione umefika barazani. Rafiki anakunyoshea sigara. Jione ukisema, "Ahsante, nimeacha," ukinywa maji, na ikibidi ukiondoka. Fanya hivyo kila siku. Tamaa ikija huwa kali kwa dakika chache, kisha hupungua. Katika dakika hizo utakuwa na jibu ulilokwisha kulizoea.

Tuwatazame jirani zetu Waislamu. Mwezi wa Ramadhani, wavutao miongoni mwao hukaa bila sigara tangu alfajiri hata magharibi, kwa kuwa moyo umekwisha kuamua kabla jua halijachomoza.

Wala usiende peke yako. Muulize daktari habari za chingamu au plasta ya nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Nawe mke, mzazi au mzee wa kanisa, usimkemee akianguka. Keti naye saa ile ya jioni iliyo ngumu kwake, mwombe pamoja. Akivumilia mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua karibu nusu.

Mungu awatie nguvu. Amina.