Safari ya Kichaa Ndani ya Mshipa

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ametuletea suala ambalo bila shaka huwatatiza wengi: mbwa wake, asema, hufungwa mchana na kufunguliwa usiku ndani ya ua wenye ukuta, afya yake njema na hamu yake ya chakula haina kasoro, basi ya nini kumpeleka kwa daktari wa mifugo akadungwe sindano ya kichaa cha mbwa, ilhali maradhi hayajamgusa, na yakimgusa dawa si zipo? Habari za minyoo, kupe na viroboto, ambazo muuza dawa za mifugo yeyote atamweleza bure, naziacha. Maana ndani ya suala hili mna ajabu moja ambayo kwayo chanjo hupata maana yake yote, nayo ni njia wanayopita virusi vya maradhi haya toka jerahani hata ubongoni.

Maradhi mengi huenea kwa damu, nayo damu ina walinzi wake. Kirusi cha kichaa, ambacho umbo lake ni kama risasi na urithi wake wote ni jeni 5 tu, hakina haja na damu. Kikishaingia pamoja na mate katika nyama iliyotobolewa na jino, aghalabu hukawia papo hapo, pengine siku, pengine majuma, mpaka kiifikie ncha ya mshipa wa fahamu (wengine huuita neva, nami sina ugomvi nao), pale mshipa unapokutana na msuli na kuuamrisha ujikunje.

Seli ya fahamu ina kiwiliwili chake ndani ya uti wa mgongo au kando yake, na mkia wake waweza kunyoka hata unyayoni, masafa ya karibu mita nzima kwa mtu mzima. Na madhali mahitaji yake karibu yote hutengenezwa kiwiliwilini, na habari za ncha hazina budi kurejeshwa huko, ndani ya mkia mmetandazwa vijia vyembamba vya protini ambavyo juu yake hupita wachukuzi usiku na mchana, mithili ya mahamali wa bandari: wako watokao ghalani kwenda gatini, na wako warudio gatini kwenda ghalani, kila kundi na upande wake. Hamali wa kurudi huitwa daineni, naye hutembea kwelikweli kwa miguu miwili, hatua kwa hatua, mzigo mgongoni. Kazi yake ni kuchukua, si kufungua. Akiuona mzigo umefungwa kwa kamba aijuayo, huutwaa. Kirusi nacho hujishikiza kwenye vishikio vilevile vipokeavyo mizigo ya halali pale gatini, kikaviringwa ndani ya kifuko, kikapandishwa begani. Na tangu hapo mlinzi wa forodha, yaani zile kingamwili zilizomo katika damu, hana tena ruhusa ya kuingia kichochoroni kukagua. Hamali asiye na habari humchukua muuaji wa bwana wake, kwa mwendo unaokadiriwa kuwa milimita 12 hadi 100 kwa siku, mpaka mlangoni pa nyumba.

Ndiyo sababu aliyeumwa usoni huugua upesi kuliko aliyeumwa mguuni, na ndiyo sababu Louis Pasteur, Julai 1885, aliweza kumchanja mtoto Joseph Meister, mwenye miaka 9, baada ya kuumwa, naye akapona. Kutoka ubongoni kirusi hushuka kwa mishipa mingine hata kwenye tezi za mate, wakati uleule ambapo mnyama anageuka tabia na kutaka kuuma. Dalili zikishadhihiri, dawa anazozitumainia msomaji wetu hazipo, kwa mbwa wala kwa bwana wake. Mnyama aliyechanjwa, kinyume chake, walinzi wake wamekwisha kusimama gatini kabla mzigo haujashushwa.

Na ukuta? Paka wa jirani huuruka, na nguchiro hupenya chini ya lango. Wataalamu husema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukosa pa kupita. Na Pemba ni shahidi, kwani kwa kuchanja mbwa kisiwa kilisafika mwaka 2014, kichaa kikaingia tena mwaka 2016, na kwa chanjo kikaondoshwa tena mwaka 2018.

Basi na ampeleke mbwa wake afikapo miezi 3, amrudishe baada ya mwaka na kila muda atakaoamriwa na daktari, wala asimsahau paka. Na ikitokea mtu wa nyumba yake kuumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa kuwa kirusi hiki kimevaa utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, kisha aende hospitali siku ileile, asingoje kuona mbwa atakuwaje.