Kumsoma Hemingway Kutokea Mugumu (2)

Juma lililopita tuliona jinsi mhakiki Edward Said, katika kitabu chake cha 1993, anavyosoma riwaya ya Kiingereza huku akiwatafuta watumwa wa Antigua, ambao jasho lao ndilo linalolisha jumba la kifahari. Leo tusome hadithi iliyo karibu na kwetu.

Mwandishi Ernest Hemingway aliwinda Serengeti katika safari yake ya 1933 na 1934. Mwaka 1936 akachapisha hadithi fupi ya Francis Macomber, tajiri wa Kimarekani aliyekuja kuwinda Afrika Mashariki pamoja na mkewe, wakiongozwa na Mzungu mwindaji, Wilson. Wahakiki wengi wamebishana kama yule mke alimpiga mumewe risasi kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Sisi wa Tarime na Serengeti tuna watu wengine wa kuwatazama.

Macomber amemkimbia simba. Kambini anabebwa mabegani kwa shangwe na mpishi, maboi, mchuna ngozi na wapagazi. Wabeba bunduki hawamo katika shangwe hizo, maana wao walikuwepo porini na waliona. Sentensi moja tu, lakini kwangu ni hukumu kamili. Baadaye boi anayeandaa meza anamtazama bwana wake kwa udadisi, Wilson anamkaripia kwa Kiswahili, kijana anageuka uso ukiwa mkavu. Ndipo Wilson anaeleza kwamba huwachapa watumishi viboko badala ya kuwatoza faini, ijapokuwa sheria inakataza.

Macomber anapokufa, Wilson huyohuyo anaagiza mmoja wa watumishi, Abdulla, aitwe aje ashuhudie, na anamtuliza mjane kwamba ushahidi wa wabeba bunduki na dereva upo. Mtumishi asiyeruhusiwa kumkazia bwana macho sasa anatakiwa amwokoe mke wa bwana! Na hata hapo hatumsikii akisema neno. Mhakiki Gayatri Spivak aliuliza mwaka 1988 kama mnyonge anaweza kusema. Hadithi hii inaonyesha kwamba anaitwa pale tu neno lake linapomfaa mkubwa.

Hapa kwetu pia wapo wasiosikilizwa. Waikoma, Wanata na Waisenye walikuwa wawindaji hodari wa nyika hizi. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na uwindaji wao ndani ya mipaka yake ukawa ujangili. Simulizi zao nazo ni ushahidi.

Walimu wa fasihi wa Mugumu na Tarime, wapeni wanafunzi wenu kazi hii: waandike maelezo ya Abdulla, kwa maneno yake mwenyewe.

Itaendelea.