Rupia ya Kibera Ndani ya Mkebe wa Kawangware

Mwaka ukikaribia ukingoni kila mtu hupanga lake. Huyu aezeke nyumba, yule aoze mwana, mwingine aombe Mungu amjaalie Hija. Mimi, ndugu msomaji, hupanga sarafu. Usicheke. Kukusanya sarafu za zamani ni kazi ya saburi, na asiyeipangia mwaka wake huishia kuwa na gunia la shaba asilolijua kichwa wala miguu.

Mwaka uliopita nia yangu ilikuwa wingi tu. Niliapa kufikisha sarafu 500. Basi nikawa mteja wa wanunuzi wa vyuma kuukuu kule Kawangware, Nairobi, ambako bomba la shaba, sufuria iliyotoboka na sarafu ya mfalme hupandishwa mizani moja na kulipwa kwa kilo, kisha vyote huishia katika moto wa kuyeyushia. Huko niliokota ndururu, peni na thumuni, majina ambayo vijana wengi wa leo hawayajui: senti tano, senti kumi na senti hamsini.

Siku moja kijana mmoja alinifungulia mkebe wa majani ya chai. Juu kulikuwa na peni ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo alitawala tangu Januari hadi Desemba ya mwaka huo, akajiuzulu ili amuoe Wallis Simpson. Kwao Uingereza sarafu zake hazikutolewa kwa matumizi ya watu, lakini huku kwetu zilinunuliwa chumvi na mafuta ya taa, maana zilikuwa na jina pasipo sura. Pahali pa sura pana tundu!

Chini ya mkebe nikaona rupia ya fedha ya George V, ya 1917, imetiwa kikuku cha kupitishia mkufu. Nikauliza imetoka wapi. Kijana akanijibu, "Ya nyanya yangu, yuko Kibera." Nikalipa, nikaenda zangu.

Usiku ule sikupata usingizi. Je, nyanya mwenyewe anajua? Kununua kitu ambacho mwenyewe hajakiuza, hukumu yake kila Mwislamu anaijua. Ijumaa iliyofuata nikamtafuta yule kijana, nikamwambia, "Twende kwa nyanya yako." Akasitasita, mwisho akakubali.

Tulimkuta Makina, bibi mtu mzima wa Kinubi, amekaa kibarazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, nyanya." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha nikamtilia ile rupia kiganjani. Hakusema neno kwa muda. Alimtazama mjukuu wake, naye akainamisha kichwa. Ndipo akanieleza kuwa ilikuwa ya mkufu wa mamake, na kabla ya hapo ilikuwa mshahara wa babu yake, askari wa KAR katika Vita Vikuu vya Kwanza, zama ambazo askari walilipwa kwa rupia. "Hii si pesa," akasema. "Hii ndiyo hati tuliyokuwa nayo."

Maneno hayo yana uzito kwa anayeijua Kibera. Jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Wanubi, askari waliotoka Sudani pamoja na jamaa zao, walikaa pale tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza rasmi ardhi hiyo, kiasi cha eka 4,197, kuwa ya jeshi. Lakini hati ya kumiliki hawakupewa. Walingoja mpaka 2017, ndipo wakapata hati ya jumuiya ya eka 288. Miaka yote hiyo katikati, familia kama ile ilikuwa na nini mkononi cha kuonyesha kwamba babu alitumikia? Rupia moja.

Alitaka kunirudishia fedha zangu, nikakataa. Alininywesha kahawa ya tangawizi, akaniruhusu niweke karatasi juu ya rupia na kuipitisha penseli taratibu mpaka sura ikatokea. Karatasi hiyo ndiyo nikithaminiyo kuliko sarafu zote nilizonunua mwaka ule.

Kwa hiyo mwaka ujao, Inshallah, sitahesabu mia. Nimepanga ngazi ya sarafu nane tu. Ya kwanza ni pesa ya mizani ya Sayyid Barghash wa Unguja ya 1299 Hijria, yaani 1882. Ya pili ni pesa ya Mombasa ya Kampuni ya Kiingereza, yenye tarehe mbili, 1888 na 1306. Ya tatu ni rupia. Ya nne ni shilingi ya simba na milima, iliyoanza 1921. Ya tano ni ile peni ya Edward. Ya sita ni peni ya 1964 isiyotaja mfalme yeyote. Ya saba ni shilingi ya Mzee Kenyatta ya 1966. Ya nane ni shilingi kumi ya simba ya 2018, iliyotoka baada ya Katiba ya 2010 kukataza sura ya mtu yeyote katika fedha za Kenya. Ukizipanga nane hizo umesoma historia yetu bila kufungua kitabu.

Shuruti nimejiwekea nne. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila sarafu itaandikwa imetoka kwa nani, na mwenyewe ameiuza kwa ridhaa. Sitasugua tena kwa ndimu na majivu, maana nilizing'arisha shilingi kadhaa nikazichuna maandishi. Ya tatu ni sheria: kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na pesa ya Mombasa imo humo; hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Nacho kilichofukuliwa ardhini kiarifiwe Makumbusho. Zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za Mtambwe Mkuu, Pemba, zilizopatikana 1984, zingekuwa vipuli tu lau zingefika kwa sonara kwanza.

Ya nne ni zaka. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, kiasi cha gramu 595. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii huhesabiwa fedha safi iliyomo. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, karibu gramu mbili kila moja. Basi zikifika kama 306 na mwaka wa Hijria ukapinduka, mwenye nazo atoe haki ya maskini.

Nawe, msomaji wa Lamu, Mombasa au Tanga, kabla hujapanga kununua, kaa na nyanya yako umuulize habari za mkufu wake. Muulize leo, kabla mkebe haujafika kwenye mizani.