Kitulo: Panda Wakati wa Mvua

Wageni wengi wa mbuga zetu husubiri kiangazi, nyasi zikauke na wanyama waonekane. Ukienda Kitulo kwa hesabu hiyo utakuta baridi kali, sakitu ya alfajiri na nyasi zilizofifia. Okidi, maua yanayovuta wageni hapa, zimelala chini ya ardhi. Mvua zikianza Novemba, uwanda huu wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ulio takribani meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, huanza kuchanua, na hauachi hadi Aprili. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Barabara ya kutoka Chimala ina kona 57. Ukishazimaliza, shuka garini utembee, maana dirishani utaona rangi tu. Okidi za hapa, aina zipatazo 45, haziningʼinii mitini. Huota katikati ya nyasi. Piga magoti mbele ya Satyrium utazame nyuma ya ua: kuna vijimkia viwili vyembamba vinavyotunza nekta. Mdudu anayeifuata huondoka na kifurushi kizima cha chavua kimemganda, akakiache kwenye ua jingine. Mbegu zinazopatikana ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Zisipokutana na kuvu wa udongoni wa kuzilisha, haziwezi kuota.

Inua macho pia. Mbayuwayu wa buluu, ambaye dume lake lina nyuzi mbili ndefu mkiani, huja kuzaa msimu huohuo. Hujenga kiota ndani ya shimo ardhini, mara nyingi lililochimbwa na muhanga. Nyasi za milimani zikilimwa, hana pa kuzalia.

Okidi nazo huponzwa na viazi vyake. Kila msimu mmea hutengeneza kiazi kipya cha kuotea mwaka unaofuata; ukikichimba, umeumaliza. Viazi hivyo husagwa na kuchanganywa na karanga kupika chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na biashara yake imezing'oa okidi nyingi za nyanda hizi. Kuzirudisha ni kazi ngumu, kwa sababu ya yule kuvu.

Basi ukipanda Kitulo, beba koti la mvua na kioo cha kukuzia. Piga picha upendavyo, usichume, usichimbe, na ukiuziwa kiazi cha okidi sokoni, usinunue.