Taa ya Ukutani Hadi Alfajiri

Miji ya Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo usiku huko ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Nyumba inayotegemea sola lazima ivuke saa hizo kwa kilichomo kwenye betri. Chukua betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 20. Ina wati-saa 240, na ukitaka idumu usiitumie kupita nusu, yaani 120. Taa tatu za ukutani za wati 5 kila moja, zikiwashwa saa 12 jioni, zitakuwa zimeifikia nusu hiyo saa 8 usiku. Zipunguze hadi theluthi kuanzia saa 3, na kukicha utakuta zimekula wati-saa 90 tu.

Kwa hiyo dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, ambayo mijini huuzwa kama pambo la sebule, ina kazi ya maana zaidi huku ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Jicho nalo linasaidia, kwani halipimi mwanga kwa wati: taa iliyobaki na theluthi ya nguvu haionekani hata kupungua nusu. Wavuvi wa ndagala wanalijua jambo hili kwa upande wake wa pili. Taa inayokusanya samaki usiku wa giza hupoteza mvuto mwezi unapokuwa mpevu, ingawa yenyewe haijabadilika.

Shida iko kwenye swichi. Dima ya kawaida ya ukutani imetengenezewa umeme wa volti 220 unaogeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Hukata kipande cha kila wimbi, kisha hujifunga yenyewe wimbi linapopita sifuri. Umeme wa betri haupiti sifuri, hivyo dima hiyo ikifungwa kwenye nyaya za sola, ama haiwashi kabisa, ama ikishawasha haipunguzi tena. Inayotakiwa ni dima ya betri, inayowasha na kuzima taa mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Kadiri vipindi vya kuzima vinavyorefuka, mwanga hufifia. Hata hivyo, balbu ya LED yenye kidhibiti cha mkondo ndani yake inaweza kuipinga, ing'ang'anie mwanga uleule halafu ianze kumetameta. Utepe wa LED wenye rezista tu hutii bila ubishi.

Mwenye jenereta anaweza kutumia dima ya volti 220, mradi boksi la balbu limeandikwa «dimmable». Lakini dima za zamani zilizoea balbu za waya za wati 60; LED ya wati 5 ni mzigo mwepesi mno kwao, ndiyo maana hucheza-cheza. Inverta ya bei rahisi, isiyotoa wimbi laini, huzidisha vurugu.

Kabla ya yote hayo, tazama ukuta. Tofali za kuchoma zilizoachwa wazi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga, ilhali chokaa nyeupe huurudisha chumbani, na ndoo ya chokaa huenda ikakuokolea balbu moja nzima.

Dukani, mwombe muuzaji aunganishe dima na balbu uliyoichagua, azishushe hadi mwisho, kisha uielekeze kamera ya simu kwenye taa. Michirizi mipana inayotembea kwenye kioo ni dalili ya kumetameta kusikoonekana kwa macho. Afadhali ujaribu balbu nyingine, hasa kama watoto watasomea chini yake.