Kizimba cha chiriku: tuchague tukimfikiria ndege, tuchague tukimfikiria mtoto



Juma hili tunazungumza juu ya ndege wadogo. Siyo kuku wala bata wa kuuza sokoni, bali chiriku, wale wenye mdomo mfupi na mnene, wala mbegu, ambao mtoto anapenda kuwasikia wakilia asubuhi. Mtoto anaomba, baba au mjomba anarudi safarini na ndege wawili ndani ya katoni, na kuanzia hapo kazi yote inabaki kwa mama. Watalala wapi? Watakula nini? Watachezea nini?

Katika miji mingine mama angeuliza tu bei na uzuri wa kizimba. Kwetu hapa Kolwezi, mji wa shaba na kobalti, kuna swali linalotangulia: kitu hiki kimetengenezwa kwa nini, na kimetoka wapi? Wengi wa ndege hawa hawafiki hata gramu 20. Kile kinachomdhuru mtoto polepole, ndege kinaweza kumwua kwa siku moja. Kwa hiyo ukichagua vizuri vitu vya ndege, umekagua pia nyumba ya watoto wako.

Kwanza, ndege gani?

Wanaofaa kufugwa ni wale waliozaliwa kizimbani: kanari, na yule mdogo mwenye mdomo mwekundu ambaye kwa Kifaransa anaitwa diamant mandarin, asili yake Australia. Hawa wamezoea watu kwa vizazi vingi.

Wale wanaonaswa na vijana porini kwa ulimbo ni habari nyingine. Ndege wa porini akifungiwa anajigonga kwenye waya, anakataa kula, na mara nyingi anakufa katika siku za kwanza, mtoto akimwangalia. Kama kijana wako ameleta wa namna hiyo na bado ana nguvu, mfundishe kumwachia pale alipomkamata. Funzo hilo linamfaa mtoto kuliko kizimba.

Mandarin hawapendi upweke, wanunuliwe wawili. Lakini dume na jike watataga na kuongezeka haraka. Usiyetaka vifaranga, chukua madume wawili.

Urefu kuliko kimo

Kasuku hupanda waya kwa mdomo na miguu. Chiriku hapandi, anaruka kutoka upande hadi upande. Kwa hiyo kizimba chembamba kilicho kirefu kwenda juu, hata kikiwa na paa la kupendeza, hakimsaidii. Kile cha mviringo pia hakifai, kwa sababu hakina pembe ya kujisitiri.

Kwa ndege wawili, tafuta kizimba chenye urefu wa karibu sentimita 80 au mita moja, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 40 au 50. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2. Ikizidi, ndege atapitisha kichwa na kunaswa. Mlango ufungwe kwa kikaza, maana paka wa jirani na panya wa usiku hawabishi hodi. Chini kiwe na sinia la kuvuta, ulipange karatasi, ubadilishe kila siku au kila baada ya siku mbili. Mama mwenye kazi nyingi asinunue kizimba ambacho lazima kibomolewe ndipo kisafishwe.

Waya inatoka wapi?

Hapa ndipo tuwe macho. Katika mji wetu vyuma vikuukuu ni vingi: waya za umeme, nyavu za mashine, mabati, madebe ya dawa za kiwandani. Fundi mwerevu anaweza kutengeneza kizimba kizuri kwa vitu hivyo, kwa bei ndogo. Lakini ndege anatafuna na kusugua mdomo kwenye waya kutwa nzima. Kumbuka mambo haya:

Waya ya shaba iliyotolewa kwenye nyaya za umeme zilizochomwa isitumike. Shaba ikilowa inatoa ukoga wa kijani, na ukoga huo ni sumu.

Risasi ni mbaya zaidi. Inapatikana kwenye betri za gari, kwenye lehemu ya kuungia vyuma na kwenye rangi za zamani. Usikubali kizimba chenye matone ya lehemu, wala kilichopakwa rangi iliyobaki katika debe lisilojulikana. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto pia, na kizimba kinashikwa na watoto kila siku.

Waya inayong'aa ya kuzungushia kuku imepakwa zinki. Ikiwa mpya, zinki inabanduka vipande vidogo na ndege anavimeza. Kama huna nyingine, isugue yote kwa brashi ngumu na siki, suuza kwa maji mengi, uikaushe juani kabla ya kuitumia.

Kilicho salama na rahisi kwetu ni fremu ya mbao isiyopakwa dawa wala rangi, na fito za mianzi au matete zilizopangwa karibu karibu. Hakitadumu kama chuma, lakini kikichakaa fundi anabadilisha fito mbili tatu tu. Mwenye uwezo anunue cha chuma kisichoshika kutu.

Kizimba kikae wapi?

Watu wa migodi waliwahi kujifunza jambo kutoka kwa chiriku. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi John Scott Haldane alishauri wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza washuke shimoni na kanari. Ndege huyo anapumua haraka, na mapafu yake yanachukua hewa anapovuta na anapotoa pumzi. Kwa hiyo gesi yenye sumu ikiwepo anazidiwa mapema kuliko mtu, na wachimbaji wakimwona anayumba wanatoka mbio. Kanari walifanya kazi hiyo katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986.

Gesi ile ile inatoka kwenye mbabula yetu. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Kila mama anajua baridi ya Juni na Julai hapa kwetu, na hamu ya kuingiza mbabula chumbani ili watoto walale katika joto. Wengine wanaingiza mbabula ili kumpasha ndege joto. Tusifanye hivyo. Usiku ndege amefunikwa kitambaa, hakuna anayemwona akianguka, na gesi haitaishia kwake. Baridi ikizidi, funika kizimba kwa blanketi pande tatu, ukisogeze mbali na dirisha, na mbabula ibaki nje.

Kizimba kisikae jikoni pia. Moshi wa mafuta yaliyoungua unamchosha ndege, na ile sufuria isiyoshika chakula, ikiachwa motoni mpaka ipate joto kupita kiasi, inatoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Kisiwekwe mahali mtoto mchanga analala, kwa sababu manyoya na vumbi la mavi ya ndege si vizuri kwa mapafu. Sebule yenye mwanga inafaa, kizimba kikiwa juu ya meza iliyo sawa na kifua cha mtu mzima, upande mmoja ukiegemea ukuta. Simamisha miguu ya meza katika mikebe yenye maji, siafu hawatapanda.

Vumbi

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kazi yao katika kartiye ya Kasulo, hapa Kolwezi, ambako watu walikuwa wakichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta vumbi la ndani ya nyumba lina madini, na watoto wa eneo lile walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi kuliko watoto wanaoishi mbali na machimbo. Vumbi hilo linashuka juu ya meza, juu ya mkeka, na juu ya chombo cha maji cha ndege.

Kwa hiyo anayetoka machimboni avue nguo na viatu nje kabla ya kugusa kizimba au kumbeba mtoto. Usikung'ute nguo za kazi barazani palipo na ndege. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, pangusa kizimba na meza yake kwa kitambaa chenye maji. Ukifagia pakavu unaliinua vumbi tu.

Vitu vya kuchezea

Chiriku hachezi na kengele wala mipira kama kasuku. Michezo yake ni kuruka, kubembea, kuoga na kusuka majani. Huhitaji kununua kitu dukani.

Vijiti vya kusimamia viwe vya mti halisi, vya unene tofauti: kimoja kama penseli, kingine kama kidole. Kijiti kilicho laini na sawa pande zote kinamletea vidonda vya nyayo. Matawi ya mpera ni mazuri. Yaoshe, yakaushe, kisha yapange mwanzo na mwisho wa kizimba, katikati pabaki wazi pa kurukia. Usitumie mti wa avoka. Najua unapatikana karibu kila paseli, lakini majani yake, ganda lake na tunda lenyewe ni sumu kwa ndege.

Bembea inatengenezwa kwa kijiti na kamba fupi ya katani. Nyuzi ndefu za nailoni, za sweta au za nywele za bandia zisiingie kizimbani. Zinajizungusha kwenye mguu na kuukata. Nyasi kavu, zilizokatwa urefu wa kidole, zinatosha kumpa kazi ya kusuka siku nzima. Sahani pana yenye maji ya kina cha sentimita mbili ni bafu lake. Iweke asubuhi, uiondoe akimaliza.

Watoto wetu wanapenda kupamba kizimba kwa mawe ya kijani ya malakiti, kama yale wanayochonga mafundi wa shanga. Jiwe hilo ni la shaba. Likae kabatini, kizimbani hapana.

Chakula, maji na mchanga

Ulezi, mawele na masaka (mtama) mdogo vinatosha kuwa msingi, kijiko kimoja cha chai kwa ndege mmoja kwa siku. Nunua nafaka ya kula watu. Ile ya kupanda, iliyotiwa dawa na mara nyingi rangi, ni sumu. Kila asubuhi puliza maganda, maana chombo kinaweza kuonekana kimejaa kumbe ni maganda matupu, na ndege anakufa njaa mbele ya macho yetu. Ongeza jani la lengalenga lililooshwa vizuri mara mbili au tatu kwa juma, na ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, kwa ajili ya mifupa na mayai. Bukari, chumvi, chai na pombe si vyake.

Maji yawe yale yale mnayokunywa nyumbani, yabadilishwe kila siku. Ya mtoni au ya mfereji unaopita karibu na viwanda yasitumike. Mchanga wa kusaidia kusaga mbegu ni kidogo sana, na usichotwe karibu na mabaki ya mgodi au njia ya malori ya madini. Huna uhakika wa mchanga? Acha. Chiriku anaondoa ganda la mbegu kabla ya kumeza, anaweza kuishi vizuri bila mchanga.

Baada ya kusafisha, kila mmoja anawe mikono kwa sabuni. Kama mna kuku, vyombo vya ndege na vya kuku visichanganywe, kwa sababu mdondo unaweza kupita kutoka kwa hawa hadi kwa wale.

Tukienda kwa fundi

Kikundi kikitaka, fedha za likelemba zinaweza kutengenezesha vizimba vitatu au vinne kwa fundi mmoja, mbao zikinunuliwa pamoja. Lakini kabla ya kutoa hata falanga moja, tumwulize haya: Waya hii imetoka wapi? Kuna lehemu? Rangi hii ni ya nini? Sinia linavutika? Kidole changu kidogo kinapita kati ya fito? Kama kinapita, ni pana mno.

Na nyumbani tujiulize wenyewe: nani atabadilisha maji mtoto akiwa shuleni? Chiriku aliyetunzwa anaweza kuishi miaka mitano na zaidi. Kama hakuna wa kujibu, mwambie mtoto angoje. Wakati anangoja, mwekeeni sahani ya maji na ulezi kidogo chini ya mti wa paseli, mbali na paka. Ndege watakuja wenyewe, naye atawajua mmoja mmoja kwa rangi na sauti.